Mnara wa 5G Umewaka, Mapato Yako Wapi?

Siku mnara wa kwanza wa 5G ulipowashwa, ofisi nzima ilifungua programu za kupima kasi. Megabiti 600 kwa sekunde, 700, mmoja akapata 900, na picha za skrini zikamiminika kwenye kundi la WhatsApp. Miezi mitatu baadaye mkuu wa fedha aliuliza swali moja tu: mapato yako wapi? Grafu ya matumizi ya data ilikuwa imepanda kama mnazi. Ya mapato imejilaza kama mkeka.

Yanayofuata yametoka kwenye kampuni moja ya simu Tanzania, na jina lake tunaliacha kwa sababu makosa haya yako kila mahali. Tunawaandikia wenzetu wanaopanga vifurushi, wanaosimamia minara na wanaouza, hasa wale ambao ndiyo kwanza wanaingia kwenye 5G au bado wanahangaika kuwahamisha wateja kutoka 3G.

Tulianza vibaya. Mnada wa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, wa Oktoba 2022 uliingiza sokoni masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz, na tangu hapo mazungumzo yote yakawa ya antena na minara mipya. Wateja waliokuwa tayari chini ya mnara wa 4G, simu ya 4G mkononi, huku wakitumia 3G, hakuna aliyewahesabu. Na hapo ndipo palipo na pesa ya haraka kuliko zote, kwa sababu mnara umeshajengwa na simu mteja ameshajinunulia.

Kuwahesabu hakuhitaji mfumo mpya. Tarakimu 8 za kwanza za IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu, zinakwambia modeli ya simu. Zioanishe na kumbukumbu za matumizi ili ujue mteja yuko chini ya mnara upi jioni, kisha angalia kwenye mfumo wa laini kama kadi yake ni ya zamani na kama 4G imefunguliwa kwenye namba yake. Wapo ambao kila kitu kiko sawa ila 4G haijafunguliwa upande wetu. Hao wafungulie wote usiku mmoja, halafu watumie ujumbe wenye hatua za kubadili aina ya mtandao kwenye simu, maana wengi walishawekewa "3G pekee" na fundi ili betri isiishe haraka. Wapo wenye simu inayoitwa ya 4G lakini haina bendi, yaani kipande cha masafa, tunayorushia. Baadhi ya simu za mtumba zilizotengenezwa kwa masoko ya mbali zina bendi 3, yaani 1800, ila hazina bendi 20 ya 800 wala 28 ya 700. Ukiwa umeweka 800 peke yake pembezoni mwa mji, kwa mteja huyo 4G yako haipo, na hakuna tangazo litakalombadilisha.

Kisha kuna wenye laini za zamani. 3G ilikuwa inazivumilia kadi za enzi za 2G. 4G inazikataa kabisa, inataka USIM, kadi ya kizazi kipya zaidi. Kumbadilishia mteja laini kunasikika kama kazi ndogo mpaka ukae kwenye kibanda cha wakala asubuhi moja.

"Mama, laini hii haipandi 4G. Nikubadilishie, ni bure."

"Bure? Na namba zangu za wateja zitakuwepo?"

Wakala, kijana anayelipwa kwa idadi, anajibu kwamba zitakuwepo. Hazipo. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye laini ya zamani, na laini ya zamani imeshakatwa. Mama huyo hatarudi, na saluni nzima itajua kwa nini. Utaratibu uliofanya kazi ni huu: kwanza hamisha majina kutoka laini kwenda kwenye simu, mteja ayaone kwa macho yake, ndipo achukuliwe alama ya kidole, laini mpya iwekwe, simu izimwe na kuwashwa, video fupi ifunguliwe pale pale mbele yake. Kama huduma ya pesa itachelewa kurudi baada ya kubadili laini, aambiwe kabla, kwa sababu mteja anayeona akaunti yake ya pesa haifunguki haulizi maswali, anapiga kelele. Na ana haki.

Kuhusu kamisheni, tulilipa kwa kila laini iliyobadilishwa. Ndani ya wiki chache idadi ikapanda vizuri sana, tukashangilia, mpaka mchambuzi alipoangalia modeli za simu: sehemu kubwa ya laini mpya zilikuwa kwenye kiswaswadu. Mawakala walikuwa wanabadilishia yeyote anayepita. Baada ya hapo nusu ya kamisheni ikalipwa siku ya kubadilisha na nusu baada ya laini hiyo kutumia MB 100 kwenye 4G ndani ya siku 7. Idadi ikashuka, kazi ikawa ya kweli.

Kitu kimoja kidogo kinachosahaulika ni simu za sauti. Mteja aliyehamia 4G, kama VoLTE, yaani kupiga simu za sauti juu ya 4G yenyewe, haijawashwa kwenye mtandao au modeli yake haijaruhusiwa, kila akipigiwa simu yake inashuka kwenye 3G na intaneti inapungua kasi, au kwenye 2G na intaneti inasimama. Anayetumia simu kugawia kompyuta intaneti analiona jambo hili mara kumi kwa siku. Ombeni watengenezaji wa simu waziruhusu modeli zinazouzwa zaidi kwenye mtandao wenu kabla ya kampeni, maana majibu yao hayaji haraka.

Sasa tuje kwenye bonasi, kosa lililotugharimu kuliko mengine yote. Ili watu wahamie 4G tulitangaza GB mara mbili kwa bei ile ile. Chukua mteja aliyekuwa akinunua bando la GB 1 kwa Sh 2,000, mara mbili kwa wiki. Tukampa GB 2 kwa Sh 2,000. Akafanya nini? Akanunua mara moja. Mtandao ukabeba mzigo ule ule, sisi tukapata nusu. Wachache walitumia zaidi na baada ya mwezi wakarudi kununua mara mbili, lakini wengi wao bajeti ya intaneti ni ya siku, imepangwa pamoja na nauli na chakula, na haipandi kwa sababu mnara umebadilika.

Tulichojifunza hapo ni kutogusa bei ya kile ambacho mteja tayari anakinunua. Mwongezee kile ambacho mtandao wa zamani haukuweza kumpa, na ukiweke pale penye nafasi tupu. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi mtandao umelala na umeme unaulipia vile vile; bando la usiku halikunyang'anyi mteja wa jioni. Bando la saa moja la kutazama video linanunuliwa na mtu ambaye asingenunua la wiki. Na kama lazima utoe bonasi ya kuvutia watu 4G, mfumo wa malipo unaweza kutambua mteja yuko kwenye teknolojia gani wakati huo: GB za bonasi zitumike zikiwa kwenye 4G tu, na ziwe na mwisho, siku 30 kwa mfano. Tulipofanya hivyo, bonasi ikawa sababu ya kuhama badala ya kuwa punguzo la bei lililovaa kanzu.

Jiandaeni pia kwa lalamiko la "MB zangu zinaibwa". Haziibwi, lakini mteja hakosei kwamba zinaisha upesi. Programu za video hupima kasi na kujichagulia ubora. Kwenye 3G iliyojaa video ilikuwa inacheza 360p, takribani MB 300 kwa saa. Kwenye 4G safi simu ile ile inapanda hadi 720p, zaidi kidogo ya GB 1 kwa saa, na 1080p ni kama GB 2 na ushee. Mteja hakubadilisha chochote. Bando la siku nzima limeishia kwenye mechi moja. Mkimwacha agundue mwenyewe, na bando likiisha mkaendelea kumkata salio kwa bei ya nje ya kifurushi, mmempoteza. Kata huduma bando linapoisha, mpaka akubali mwenyewe kuendelea. Mpe ujumbe kabla halijaisha. Na mwekee kwenye menyu chaguo la kubana video kwenye 480p. Wakubwa waliogopa chaguo hilo litapunguza matumizi. Lilipunguza malalamiko, na sekta zilizojaa, yaani pande za mnara zenye wateja wengi, zikapata hewa.

Kuuza kwa kasi badala ya GB ni jambo tunaloulizwa sana, na mfano unaotajwa ni Finland, ambako kampuni kama Elisa zimeuza kwa miaka mingi data isiyo na kikomo kwa madaraja ya kasi: anayelipa kidogo anapata polepole, anayelipa zaidi anapata haraka. Inavutia kwa sababu mteja anapanda daraja bila kuzoea kuhesabu MB. Lakini kule wateja wengi wana mkataba wa mwezi. Sisi soko letu ni la kununua kwa siku na kwa wiki, hivyo madaraja ya kasi yalishika kwenye intaneti ya nyumbani tu. Kwenye simu za mkononi bado GB ndiyo lugha.

Mkiamua kuuza kasi, msimamieni anayeweka kikomo kwenye mfumo. Kuna kukata na kuna kupanga foleni. Ukikata, yaani kila pakiti (kijifungu cha data) inayozidi kiwango inatupwa, programu zinadhani njia imeharibika na kupunguza mwendo zaidi ya ulivyotaka. Mteja wa megabiti 20 anapima anapata 12, na kila simu kwa huduma kwa wateja inakugharimu. Ukipanga foleni, pakiti zinachelewa kidogo badala ya kutupwa na kipimo kinakaribia kile alicholipia. Weka pia kikomo asilimia 10 juu ya ulichotangaza. Mteja wa 20 akipima akaona 21, hapigi simu.

Hapo ndipo intaneti ya nyumbani kwa ruta ya 5G inapoingia, na hii ndiyo bidhaa pekee ambayo kwetu iliifanya kasi ilete pesa mpya kabisa. Vitongoji vya Dar es Salaam kama Goba, Madale na Kigamboni vina nyumba nyingi na faiba chache. Lakini pia ndiyo bidhaa rahisi kuliko zote kukuulia mtandao, kwa hiyo hesabu yake tuifanye polepole.

Mnara wa kawaida una sekta tatu, kila moja ikiangalia upande wake. Sekta ya 4G yenye MHz 20 inaandikwa kwenye makaratasi kuwa na megabiti 150, ila hiyo ni ya mtu mmoja aliyekaa mbele ya antena usiku wa manane. Saa tatu usiku, wateja wametawanyika, wengine nyuma ya kuta, wastani wa sekta nzima ni megabiti 30 hadi 40 za kugawana wote. Sekta ya 5G yenye MHz 100 kwenye masafa ya 3500, ikiwa na antena nzuri, inabeba mara kumi ya hapo. Tuseme 400. Nusu uwaachie wenye simu za 5G, maana wanaongezeka kila mwezi. Zimebaki 200.

Nyumba moja saa ya msongamano inakula wastani wa megabiti 2.5, wengine wanatazama video, wengine wamelala, wastani ndio huo. 200 kugawa kwa 2.5 ni nyumba 80 kwa sekta, 240 kwa mnara. Basi. Nyumba ya 81 unayoiuzia inalipwa na zile 80 za mwanzo, kwa subira yao.

Angalia na upande wa GB. Megabiti 2.5 kwa saa nzima ni kama GB 1.1. Saa ya msongamano hubeba takribani asilimia 7 au 8 ya mzigo wa siku, hivyo nyumba hiyo inatumia kama GB 15 kwa siku, GB 450 kwa mwezi. Ukiuza kwa Sh 70,000, umeuza GB moja kwa Sh 155, wakati kwenye simu unaiuza kwa Sh 2,000. Sekta ikiwa tupu hii ni biashara nzuri, kwa sababu uwezo ule ungelala bure. Ikiwa imejaa, umemfukuza mteja wa 2,000 ili umpishe wa 155. Bei ni ile ile, ruta ni ile ile, na matokeo yanategemea ni sekta gani, saa ngapi. Hatukuwahi kupata maelezo mafupi kuliko hayo ya kuwapa wakubwa.

Hivi ndivyo tulivyoharibu. Ruta ya 5G pia inapokea 4G, na tuliiacha ishuke yenyewe pale 5G inapopotea, tukidhani tunamhurumia mteja. Watu wakanunua ruta mjini wakazipeleka kwa wazazi wao sehemu zisizo na 5G. Wengine wakachomoa laini ya ruta na kuiweka kwenye simu, bando lisilo na kikomo likazunguka nao mjini kwenye daladala. Mmoja alikuwa anasambazia intaneti wapangaji wa nyumba nzima na kukusanya fedha kila mwezi. Kwa ubunifu tunampa heshima yake. Sekta za 4G zenye megabiti 35 zikabebeshwa nyumba 15, 20, na wateja wa simu waliokuwa wakilipa bei kamili ndio walioanza kulalamika kwamba "mtandao umekuwa wa hovyo tangu mlete 5G".

Dawa iko sehemu tatu, na zote zinatakiwa kabla ya ruta ya kwanza kutoka ghalani. Laini ifungwe kwa IMEI ya ruta yake, ikiwekwa kwenye kifaa kingine isifanye kazi. Akaunti ifungwe kwa kundi la sekta za eneo alilojiandikisha mteja, na akihama apige simu ahamishiwe, kama sekta ya huko ina nafasi. Ruta ikishuka kwenye 4G ipewe megabiti 5 na kipaumbele cha chini kuliko simu za mkononi; inatosha WhatsApp na kazi za shule, haitoshi kuua sekta. Na kama kuna kiwango cha GB ambacho baada yake kasi inapungua, kiandikwe kwenye bango kwa maandishi yanayosomeka. Kuandika "bila kikomo" juu na nyota ndogo chini ni kujitafutia kesi.

Ufungaji nao una siri zake. Masafa ya 3500 hayapendi kuta. Ukuta wa zege unaweza kula desibeli 15 hadi 20, na kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu iliyobaki. Kioo cha kawaida hakisumbui sana, lakini vioo vyenye tabaka la kuzuia joto, vinavyopendwa kwenye nyumba mpya, vinaweza kuwa vibaya kuliko tofali. Fundi akifika, mara nyingi anaonyeshwa pa kuweka: kwenye kabati la TV, katikati ya nyumba, kwa sababu panapendeza. Fundi mzuri hamwambii mama mwenye nyumba hapana. Anasema, "Sawa mama, naomba tujaribu kwanza sehemu mbili uone mwenyewe," anapima kwenye kabati, anapima kwenye dirisha linaloangalia mnara, anamwonyesha namba mbili kwenye simu. Mama mwenyewe ndiye anayehamisha chombo cha maua.

Afundishwe kusoma SINR, namba inayoonyesha mawimbi safi dhidi ya kelele, asikariri vimistari vya mawimbi tu. Zaidi ya 15 ni vizuri. Kati ya 5 na 15 inavumilika. Chini ya 5, kwa utaratibu wetu, usiuze ruta ya ndani: ama uweke antena ya nje ukutani, ama urudishe fedha. Hapo wauzaji walitununia, wakasema tunafukuza wateja. Lakini nyumba yenye mawimbi mabovu haidhuru kwake tu. Kwenye mawimbi mazuri kila alama inayorushwa hubeba biti 8; kwenye mabovu hubeba 2, na nyingi za hizo ni za kusahihisha makosa. Video ile ile inachukua nafasi mara nne, mara tano, hata mara kumi ya sekta. Mteja mmoja mbovu analipa kama mmoja na kula kama sita.

Umeme ukikatika ruta inazima, na mteja hakulaumu TANESCO, anakulaumu wewe. Kibetri kidogo cha volti 12 kinachokaa kati ya adapta na ruta kinaibeba kwa saa kadhaa. Kiuzeni pamoja na ruta, kwa faida. Kilikuwa ndicho kitu pekee dukani ambacho hakuna aliyebishania bei.

Fedha zenyewe. Sh 70,000 anayolipa mteja si yako. Kwa viwango vya wakati huo, ushuru wa bidhaa wa 17% na VAT ya 18% juu yake, uligawa kwa 1.3806: zilibaki kama Sh 50,700. Mpango wetu wa kwanza ulisahau hatua hii kwenye safu moja ya jedwali, na kwa wiki mbili tulikuwa tunawaonyesha wakubwa faida ambayo nusu yake ilikuwa ya serikali. Ruta, tuseme inakugharimu Sh 250,000 mpaka ifike dukani. Ukimpa mteja bure, unahitaji karibu miezi mitano ya malipo kuirudisha ruta peke yake, bado kamisheni, fundi, umeme wa mnara na intaneti ya nje, ile unayoinunua kutoka nje ya nchi. Mteja akiondoka mwezi wa tatu amekuachia hasara na ruta iliyo kwenye kochi la jirani. Amana ndogo ilipunguza wateja wa majaribio kuliko mkataba wowote wa maandishi, kwa sababu mkataba kwa mtu wa malipo ya kabla ni karatasi tu. Anayelipa miezi mitatu kwa mpigo apunguziwe; huyo hang'oki.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye ripoti ya bidhaa hii. Nyumba ikipata Wi-Fi, baba, mama na watoto wawili wanaacha kununua bando la simu jioni. Kama wote walikuwa wateja wako na walikuwa wakitumia jumla ya Sh 40,000 kwa mwezi, bidhaa mpya haijaleta 70,000. Imeleta 70,000 ikapunguza sehemu kubwa ya hizo 40,000. Muulize mnunuzi siku ya kuuza namba zipi za nyumbani kwake ziko kwenye mtandao wako, kwa ridhaa yake, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023 na si vizuri kuotea familia ya mtu kutoka kwenye kumbukumbu za minara. Kisha linganisha na kundi la nyumba zinazofanana ambazo hazijanunua. Wastani wa mapato kwa mteja wa kampuni nzima hautakuonyesha chochote. Unameza kila kitu. Kwa hesabu hiyo tuligundua kwamba nyumba zenye faida kuliko zote ni zile ambazo familia ilikuwa kwenye mtandao wa mshindani.

Kwenye mnara wenyewe tulinunua antena kubwa kila mahali, za vipitishio 64 (njia za kurusha na kupokea mawimbi), kwa sababu zilionekana vizuri kwenye mawasilisho. Zina kilo kama 40, kila moja inaweza kula kilowati moja ikiwa imelemewa, na mwenye mnara anakutoza kwa uzito na kwa umeme. Uwezo wake wa kuelekeza mawimbi juu na chini unafaa penye maghorofa, Upanga na Kariakoo. Kwenye kitongoji cha nyumba za chini antena ya vipitishio 32 ingefanya karibu kazi ile ile kwa gharama ndogo. Na washeni kipengele cha kulaza masafa usiku. Hakiuzwi kwa mteja, lakini bili ya dizeli inakiona.

Transmisheni, njia inayobeba data kutoka mnarani kwenda kituo kikuu, ndiyo iliyotuaibisha siku za mwanzo. Mnara mmoja uliwekewa 5G juu ya kiungo cha maikrowevu chenye upana wa MHz 28, ambacho hata kikiwa kizima kabisa hubeba kama megabiti 200. Mbele mlango wa gari, nyuma mlango wa kuku. Tukakihamishia kwenye masafa ya 80 GHz, yanayobeba gigabiti kadhaa, tukasahau masika: mvua kubwa inayapiga, na kwa umbali wa zaidi ya kilomita chache kiungo kinashuka hadi kipande kidogo cha uwezo wake. Penye umbali, weka cha zamani na kipya sambamba, kimoja kikilegea kingine kishike. Na usifungue mauzo ya nyumbani kwenye mnara ambao transmisheni yake haijapimwa saa tatu usiku.

Nyuma zaidi kuna bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba kwa siku kadhaa, Tanzania ikiumia sana. Waliokuwa na njia zaidi ya moja ya kutoka nje, na seva za akiba, zinazotunza nakala za video na maudhui ya mitandao ya kijamii, ndani ya nchi, waliendelea kuuza. Seva hizo huletwa na makampuni ya maudhui yenyewe ukifikisha kiasi fulani cha mzigo. Wewe unatoa nafasi, umeme na uunganisho. Hata siku ambazo bahari imetulia, kila video inayotoka Dar badala ya Ulaya ni fedha ya intaneti ya nje ambayo hukuilipa.

Biashara na makampuni tutalisema kwa ufupi. Timu ya mauzo ilirudi kutoka kwenye mkutano wa nje ikitaka kuuza "vipande vya mtandao", yaani sehemu ya 5G iliyotengwa kwa mteja mmoja. Mtandao wetu, kama mingi ya mwanzo, ulikuwa 5G inayoegemea kiini, yaani mitambo mikuu, cha 4G, na juu ya mtandao wa namna hiyo kipande hicho hakipo cha kuuza. Korea Kusini, walioanzisha 5G Aprili 2019, waliona gharama ya kutangaza zaidi ya ulichonacho: mwaka 2023 mamlaka yao ya ushindani ilizipiga kampuni zote tatu faini ya jumla ya won bilioni 33.6 kwa kutia chumvi kwenye kasi. Kilichouzika kwetu kilikuwa cha kawaida sana: ruta ya 5G kama njia ya akiba kwa hoteli na matawi ya benki yenye faiba, na intaneti yenye kipaumbele kwa ofisi ndogo, kwa bei mara mbili ya nyumba. Ofisi zinatumia mchana, nyumba zinatumia usiku. Sekta ile ile inauzwa mara mbili bila kugombana.

Siku hizi kila Jumatatu asubuhi inatoka orodha ya sekta zote na rangi tatu. Kijani, uza. Njano, imefika asilimia 70 ya uwezo saa ya msongamano, uza kwa ofisi tu. Nyekundu, funga, na mfumo wa wakala unakataa kusajili hata akijaribu. Wiki haipiti bila simu kutoka kwa meneja wa eneo: ana mteja mmoja tu, mtu mkubwa, sekta nyekundu, afunguliwe. Anaandikwa kwenye orodha ya kusubiri na kupewa tarehe ya kuongezwa masafa. Mara nyingine nyumba mbili za mtaa huo ambazo hazijalipa zinakatwa, sekta inarudi njano, na kwa kuwa zamu yake imefika, mtu mkubwa anaingia Ijumaa.